OVMF na HTTPS: nilipoweka orodha ya saifa, mashine pepe ziligoma kuwaka

kitasa ameuliza:

Hodi wakuu. Leo ni siku ya tatu nimegonga mwamba, naomba anayejua undani wa OVMF, ile programu dhibiti ya UEFI inayowasha mashine pepe, anisogezee taa.

Nasimamia mashine pepe 22 zinazoendeshwa na QEMU/KVM juu ya mashine mwenyeji mbili. Hazina diski ya mfumo. Kila zinapowashwa zinavuta kila kitu kutoka seva moja ya ndani. Kwa muda mrefu tulitumia PXE ya kawaida, yaani kuwasha kupitia mtandao: DHCP, inayogawa anwani za IP, inataja jina la faili, TFTP inaileta, basi. Siku moja nilikuwa natafuta tatizo lingine kabisa, nikanasa pakiti za TFTP kwa tcpdump, na faili ya usanidi ikapita mbele ya macho yangu herufi kwa herufi, pamoja na tokeni ambayo mashine zetu hutumia kujiunga na kundi. Sijui kama kuna aliyeiba, na sina dalili hiyo. Lakini yeyote mwenye waya kwenye swichi ile angeweza kuisoma, na angeweza kuibadilisha pia, na mashine ingeipokea bila swali. TFTP haina nywila, haina usimbaji, haina sahihi. Nilishindwa kuendelea kuishi na hali hiyo.

Nikahamia kuwasha kwa HTTPS. Kerneli, initrd na mstari wa amri nimeviunganisha kuwa faili moja ya EFI, iko kwenye nginx, seva yetu ya wavuti. DHCP inaitambua mashine inapojitaja HTTPClient kwenye chaguo 60 na kuleta namba 16 kwenye chaguo 93, kisha inairudishia HTTPClient ile ile pamoja na anwani kamili kwenye chaguo 67. Cheti cha seva ni cha RSA, kimetiwa sahihi na CA (mamlaka ya vyeti) yetu wenyewe. Cheti cha CA nimekigeuza kwa cert-to-efi-sig-list na kukipitisha kwa fw_cfg, njia ya QEMU ya kuipa programu dhibiti data. Hapo mashine zote 22 ziliwaka, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Nilipopitia logi ya nginx niliona mashine nne zimeunganishwa kwa saifa (mkusanyiko wa mbinu za usimbaji) ya AES256-SHA, kubadilishana funguo kwa RSA tupu. Kwa hiyo mtu akirekodi leo na kuja kuupata ufunguo wa seva baadaye, anafungua yote aliyorekodi. Nikaamua kubana pande zote mbili. Seva nimeiachia saifa moja tu, ECDHE-RSA-AES256-GCM-SHA384, na nikaandika saifa hiyo hiyo upande wa programu dhibiti:

```
qemu-system-x86_64 -machine q35,accel=kvm -m 4096 \
  -drive if=pflash,format=raw,unit=0,readonly=on,file=OVMF_CODE.fd \
  -drive if=pflash,format=raw,unit=1,file=vars-07.fd \
  -netdev tap,id=n0,ifname=tap7,script=no,downscript=no \
  -device virtio-net-pci,netdev=n0 \
  -fw_cfg name=etc/edk2/https/cacerts,file=/srv/kuwaka/ca.esl \
  -fw_cfg name=etc/edk2/https/ciphers,file=/srv/kuwaka/saifa.txt
```

Tangu hapo hakuna hata moja inayowaka. Anwani ya IP inapatikana, URI inaonekana sahihi kwenye skrini, halafu:

```
Error: Could not retrieve NBP file size from HTTP server.
```

Nimeshaangalia: cheti hakijaisha muda, jina la seva kwenye URI ndilo lililo kwenye cheti, DNS inajibu. Ninapoiondoa ile mistari ya saifa upande wa QEMU, mashine 18 zinawaka na 4 hazitaki. Nikiirudisha, zote 22 hazitaki.

Ombi langu moja: msiniambie nirudi HTTP. Najua ingewaka. Sitaki.

---

nyuzi3 amejibu:

Pole mkuu. Kabla ya mengine, jaribu kutoka mashine mwenyeji:

```
openssl s_client -connect seva:443 -tls1_2 -cipher ECDHE-RSA-AES256-GCM-SHA384 -CAfile ca.pem
```

Ikipeana mkono vizuri, seva yako haina kosa. Pili, nasa pakiti wakati mashine pepe inajaribu kuwaka, utuambie kama ClientHello, ujumbe wa kwanza wa TLS (usimbaji ulio ndani ya HTTPS) kutoka kwa mashine, inaonekana au haionekani kabisa. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

---

mlinda_lango amejibu:

Alichosema nyuzi3 ni sawa, ila s_client itakupa habari ya seva na ya OpenSSL ya mashine mwenyeji tu. Programu dhibiti ina OpenSSL yake ndani, iliyojengwa kwa chaguo zake, na hiyo ndiyo tunayotaka iseme. Ongeza hizi mbili kwenye amri yako:

```
-debugcon file:ovmf.log -global isa-debugcon.iobase=0x402
```

Ikiwa OVMF yako ilijengwa kwa `-b RELEASE` faili itatoka tupu, itabidi utafute iliyojengwa kwa DEBUG. Ukiipata, tafuta neno cipher kwa grep bila kujali herufi kubwa na ndogo, utubandikie hapa kila kilichotoka. Usichague mistari unayodhani ina maana.

---

kitasa amejibu:

Asanteni. s_client inapeana mkono bila shida. Kwenye pakiti sioni ClientHello hata moja kutoka mashine pepe. Na hii ndiyo logi, nimekata majina ya moduli yaliyo mwanzoni mwa kila mstari:

```
stored list of cipher suites (28 byte(s))
skipping CipherId=0x4543
skipping CipherId=0x4448
skipping CipherId=0x452D
skipping CipherId=0x5253
skipping CipherId=0x412D
...
no CipherId could be mapped
```

Mistari ya skipping iko 14. Nimezitafuta namba hizo kwenye orodha ya IANA, hakuna saifa yenye namba hizo. Sijui zimetoka wapi.

---

mlinda_lango amejibu:

Zimetoka kwako, kaka. Zisome kama herufi za ASCII: 45 ni E, 43 ni C, 44 ni D, 48 ni H, 45 tena E, 2D ni kistari, 52 ni R, 53 ni S, 41 ni A. Ni jina la saifa yako lilivyoandikwa kwenye saifa.txt, limekatwakatwa herufi mbilimbili. Jina lina herufi 27, na kihariri chako kimeweka alama ya mwisho wa mstari, jumla baiti 28. Ukigawa kwa mbili unapata 14, ndiyo mistari uliyoihesabu.

OVMF haiisomi faili ile kama maandishi. Inatarajia mfululizo wa namba za biti 16, kila saifa baiti mbili, kwa mpangilio ule ule zinavyosafiri kwenye waya, baiti kubwa mbele. Kwa hiyo saifa yako moja ilitakiwa iwe faili ya baiti 2. Ukubwa huo uliokuwa kwenye mstari wa kwanza wa logi ndio wa kutazama kila mara: ukiona hauendani na idadi ya saifa zako mara mbili, usiendelee mbele.

Ilipomaliza kuruka zote 14, ikabaki haina saifa hata moja ya kupendekeza, ikakataa kuanza. Ndiyo maana hukuona ClientHello. Na kwa kweli hilo ni jambo jema. Ingeweza kupuuza orodha mbovu na kutumia chochote ilichonacho, nawe ungeamini umebana kumbe hujabana.

Namba ya saifa utaipata hivi:

```
openssl ciphers -V ECDHE-RSA-AES256-GCM-SHA384
```

Tafuta mstari wenye jina lako, mbele yake pameandikwa 0xC0,0x30. Zile zinazoanza na 0x13 zitajitokeza hata kama hukuziomba. Ni za TLS 1.3, ziache. Halafu:

```
printf '\300\060' > saifa.bin
xxd saifa.bin
```

Nimeandika kwa tarakimu za msingi wa nane makusudi. Wengi huandika `\xC0\x30`, na kwenye bash inafanya kazi, lakini hati yako ikiendeshwa na dash, printf yake haiielewi hiyo `\x`. Inaziandika herufi nane kama zilivyo na unarudi pale pale ulipokuwa. xxd ikuonyeshe `c030` na isionyeshe kingine.

Kama QEMU yako ni 5.2 au mpya zaidi, huhitaji hata faili. Kuna kifaa kinachotengeneza orodha hiyo kutoka kwenye sera ya GnuTLS (maktaba ya TLS) ya mashine mwenyeji:

```
-object tls-cipher-suites,id=saifa0,priority=@SYSTEM \
-fw_cfg name=etc/edk2/https/ciphers,gen_id=saifa0
```

`@SYSTEM` inategemea mfumo wako uwe na sera ya usimbaji ya mfumo mzima. Usipokuwa nayo, andika sera yenyewe mahali pake, kwa mfano SECURE256, na uitazame kwanza kwa `gnutls-cli --priority SECURE256 -l`, ambayo inaorodhesha saifa pamoja na namba zake. Mimi napenda njia hii kwa sababu msimamizi akibana sera ya mashine mwenyeji, programu dhibiti za mashine pepe zinabanwa pamoja nayo, hakuna faili ya pembeni ya kusahauliwa.

Sasa kuhusu zile 4. Hata ukirekebisha faili, nina wasiwasi nazo. Orodha unayoiweka haiongezi uwezo wa programu dhibiti, inapunguza tu. OVMF inachukua zile zilizomo kwenye orodha yako na pia kwenye orodha iliyojengwa ndani yake. Halafu inakutana na orodha ya tatu, ya seva. Saifa lazima iwe kwenye zote tatu. Ziendeshe nne hizo bila orodha, na faili mpya ya vars (inayohifadhi mipangilio ya programu dhibiti) ili usibebe mabaki, kisha utuambie ClientHello yao ina nini ndani.

---

kitasa amejibu:

Mlinda_lango, Mungu akubariki. Namba ile ilinitazama siku tatu nzima, sikuwaza kuisoma kama herufi.

Mashine 18 zimewaka. Logi sasa inasema `2 byte(s)`, hakuna skipping, na nginx inaandika TLSv1.2 ECDHE-RSA-AES256-GCM-SHA384. Njia ya tls-cipher-suites nimeijaribu kwenye moja, inafanya kazi, nitahamia huko polepole.

Zile 4 ziko kwenye mashine mwenyeji ya zamani, QEMU 4.2, na OVMF ya umri huo huo. Kwa orodha ya baiti 2 logi yake ni fupi:

```
skipping CipherId=0xC030
no CipherId could be mapped
```

Bila orodha, na vars mpya, ClientHello inatoka. Nimeifungua pakiti yenyewe. Saifa zote zilizomo ni za DHE au RSA, hakuna ECDHE hata moja. Seva inajibu papo hapo kwa ishara ya hitilafu namba 40, na kwenye logi ya OVMF mstari wa TlsDoHandshake ERROR unaishia na `R410`.

---

mlinda_lango amejibu:

Ndivyo nilivyohofia. OVMF za miaka ile zilijengwa na OpenSSL iliyotolewa hisabati ya mikunjo, yaani EC yote, ili programu dhibiti isinenepe. ECDHE haimo kabisa. Utaandika C030 mpaka uchoke, itairuka, kwa sababu haiijui.

Na hiyo R410 iandike mahali. Ni namba ya sababu ya OpenSSL kwa msingi wa kumi na sita, 1040 kwa kawaida: upande wa pili umekataa kupeana mkono, karibu kila mara ni saifa au toleo. Ukija kuona `R86`, hiyo ni 134, cheti kimekataliwa na upande wako. Ni mambo mawili yenye dawa mbili, lakini kwenye skrini ya mashine yote yanatoa ile ile "Could not retrieve NBP file size". Nimewahi kupoteza jioni nzima nikibadilisha saifa kumbe faili ya CA ilikuwa ya mwaka uliopita. Tangu siku hiyo siigusi saifa kabla ya kuisoma R.

---

nyuzi3 amejibu:

Kwa zile nne unaweza kutumia DHE-RSA-AES256-SHA256, namba yake 0x00,0x6B. Matoleo ya zamani yanaijua. Bado inakupa usiri wa mbele, yaani ufunguo wa seva ukivuja baadaye mazungumzo ya jana hayafunguki. Upande wa nginx ongeza saifa hiyo na uweke `ssl_dhparam` ya biti 2048, kwa sababu bila faili hiyo nginx haitumii DHE hata ukiiandika. Fungua poti ya pili kwa ajili ya hizo nne ili 18 zisiguswe.

---

mlinda_lango amejibu:

Kiufundi ni sahihi, na kama mashine nne hizo zingekuwa zimeshikiliwa na kitu kisichobadilika ningekubali. Lakini hii ni OVMF, si chipu iliyochomelewa kwenye bodi. Ni faili. Poti ya pili ya muda ndiyo inayokaa miaka mitano. Badilisha OVMF_CODE.fd, anza na vars mpya, kwisha. Mashine hazina diski, hazina cha kupoteza kwenye vars.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Angalia tarehe ya ujenzi wa hiyo OVMF. Kabla ya toleo la edk2-stable201911 (edk2 ndio mradi unaotoa OVMF) programu dhibiti ilikuwa inahakiki kwamba cheti kimetiwa sahihi na CA unayoiamini, lakini haikulinganisha jina lililo kwenye cheti na jina la seva kwenye URI. Ndiyo dosari ya usalama iliyosajiliwa kama CVE-2019-14553. Yeyote mwenye cheti chochote cha CA ile ile angeweza kujifanya seva yako. Kama ni ya kabla ya hapo, hakuna saifa itakayokusaidia.

Ukihamia mpya na anwani kwenye chaguo 67 ikawa ya IP badala ya jina, hakikisha IP hiyo imeandikwa ndani ya cheti kama jina mbadala la aina ya IP. Watu wengi husasisha halafu wanadhani toleo jipya limeharibika, kumbe limeanza kufanya kazi yake.

---

nyuzi3 amejibu:

Hilo la CVE sikulikumbuka. Nakubali, asasishe.

---

zebaki amejibu:

Habari zenu. Nimesoma mjadala wote, na kuna mlango mmoja bado uko wazi, naona hakuna aliyeugusa. Samahani nikirefusha.

Kitasa, umebana saifa, umebana cheti. Lakini anwani ya HTTPS mashine yako inaipata wapi? Kwa DHCP. Na DHCP yenyewe haina uthibitisho wowote. Mtu yule yule mwenye waya kwenye swichi uliyemhofia mwanzoni anaweza kuwahi kujibu kabla ya seva yako, na kwenye chaguo 67 akaweka anwani inayoanza na `http://`. OVMF ya kawaida inaikubali. Haitauliza cheti, haitagusa orodha yako ya saifa, kwa sababu TLS haikuitwa kabisa. Itapakua na kuendesha. Au asijibu kama HTTPClient, ajibu kama PXE, na mashine irudi TFTP ile ile uliyoikimbia.

Dawa iko wakati wa kujenga:

```
build -a X64 -t GCC5 -b DEBUG -p OvmfPkg/OvmfPkgX64.dsc \
  -D NETWORK_HTTP_BOOT_ENABLE=TRUE \
  -D NETWORK_TLS_ENABLE=TRUE \
  -D NETWORK_ALLOW_HTTP_CONNECTIONS=FALSE
```

Mstari wa mwisho ndio unaofunga HTTP isiyosimbwa. Bila huo, kila kitu mlichojadili hapo juu ni chaguo ambalo mshambuliaji ana haki ya kulikataa kwa niaba yako. PXE unaweza kuizima kwenye matoleo mapya kwa kupitisha `-fw_cfg name=opt/org.tianocore/IPv4PXESupport,string=n` na mwenzake wa IPv6, au kuiondoa kabisa kwenye ujenzi kwa `-D NETWORK_PXE_BOOT_ENABLE=FALSE`. Mimi naiondoa kwenye ujenzi, kwa sababu kitu kisichokuwepo hakiwezi kuwashwa na mtu aliyesahau mstari mmoja wa amri.

Na Secure Boot, inayokagua sahihi ya faili kabla ya kuiendesha, usiiache; kwenye ujenzi huo huo ongeza `-D SECURE_BOOT_ENABLE=TRUE`. TLS inalinda njia kati ya seva na mashine. Haisemi lolote kuhusu faili yenyewe: mtu akiingia kwenye seva yako ya nginx na kubadilisha ile EFI, TLS itaileta salama salimini mpaka mlangoni. Tia sahihi faili hiyo kwa ufunguo ambao hauishi kwenye seva inayoitoa, na uweke cheti chake kwenye db (orodha ya vyeti vinavyoaminiwa) ya mashine pepe. Lakini kumbuka faili zile za vars zitakuwa na kitu cha kupoteza sasa, kwa hiyo tengeneza moja iliyokamilika na uinakili mara 22.

Jambo dogo: kwenye ca.esl weka CA yenu peke yake. Nimeona watu wakimimina vyeti vyote vya umma vya mashine mwenyeji humo kwa p11-kit. Mashine inayozungumza na seva moja tu haina sababu ya kuiamini dunia nzima.

---

kitasa amejibu:

Dada zebaki, nilisoma ujumbe wako nikasimama kwanza. Nilikuwa tayari nimemwandikia mkuu wangu wa kazi kwamba tumemaliza. Nikamwandikia tena kwamba bado.

Nimefanya hivi. Nimejenga OVMF upya kwa amri yako, na PXE nimeiondoa kwenye ujenzi. Kabla ya kuigawa nilitaka niuone mlango ukiwa wazi kwa macho yangu, maana sikupenda kuamini kwa kusikia tu. Nikachukua mashine moja ya majaribio yenye OVMF ya zamani ya siku zote, nikaiweka kwenye daraja la mtandao la peke yake, na DHCP ya pembeni ikairudishia `http://` ya seva ndogo isiyo na cheti. Orodha ya saifa ilikuwepo, cacerts ilikuwepo, kila kitu kilikuwa vile tulivyokirekebisha hapa. Ikapakua na kuwaka bila neno, kwa sekunde chache. Nilikaa kimya kidogo mbele ya skrini ile.

Kisha nikabadilisha OVMF_CODE.fd kwa ile mpya, DHCP ile ile, anwani ile ile:

```
Error: Access forbidden, only HTTPS connection is allowed.
```

Mashine nne za zamani nazo zimepata OVMF hiyo hiyo. QEMU ya mashine mwenyeji ile bado ni 4.2, haina gen_id, kwa hiyo hizo zinatumia saifa.bin ya baiti mbili mpaka tuisasishe. Inatoa onyo kwamba majina ya fw_cfg yaanze na `opt/`. Haijazuia chochote. Moja kati ya nne ilikataa mwanzoni na logi ikaonyesha R86. Kwa sababu ya mlinda_lango sikugusa saifa. Nikaangalia hati yake ya kuwasha, nikakuta inataja njia ya ca.esl ya zamani, ya CA tuliyoiacha. Dakika tano, badala ya jioni nzima.

Secure Boot nimeianza. Ufunguo wa sahihi uko kwenye mashine isiyo na njia ya kufika kwenye nginx, na faili ya vars ya mfano ninayo. Nimeshaiweka kwenye mashine sita, zilizobaki nitazimalizia wiki hii.

Usiku nimeziwasha zote 22 kwa mpigo na kuiangalia logi ya seva. Kila mashine huacha mistari miwili, HEAD ya kuuliza ukubwa wa faili na GET ya kuichukua. Nimehesabu mistari 44, na yote 44 ina TLSv1.2 ECDHE-RSA-AES256-GCM-SHA384.